Mwenye Shahada Aje Mwenyewe

Chini kabisa ya jengo la kitivo cha tiba, ukishapita chumba cha pampu za maji, kuna mlango ambao wengi hudhani ni wa stoo ya mafagio. Humo ndimo alimozeekea Mzee Lakiri. Makarani wa ghorofa za juu ndio waliombandika jina hilo, kwa sababu ya mihuri ya lakiri, nta nyekundu, ambayo chuo hakijaacha kuigandisha kwenye shahada zake. Hakukasirika. Jina la utani ni afadhali kuliko kutoitwa kabisa.

Alitunza nakala za kumbukumbu za shahada za uzamivu wa tiba, tangu zile kongwe zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, ambazo wenyewe walikwisha kufa pamoja na wagonjwa wao. Zililala kwenye droo pana za chuma, kila moja imefunikwa karatasi laini. "Madaktari wote hawa," alikuwa akisema peke yake akipangusa vumbi, "na nikikohoa hakuna anayeniuliza hali!" Kisha alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na mwenzake.

Droo iliyokuwa karibu na meza yake ilikuwa ya shahada zisizochukuliwa. Kanuni ya chuo ilikuwa moja: mwenye shahada aje mwenyewe, atie sahihi, akabidhiwe mkononi. Hakuna cha posta wala cha mjomba. Na katika droo hiyo ilikuwamo shahada ya binti yake wa pekee, aliyepata kazi ng'ambo akaondoka kabla ya mahafali, na barua ya kuthibitisha kwamba amefuzu mkobani. "Nitakuja kuichukua, Baba," aliaga hivyo. Miaka ikapita. Mama yake akafa, akazikwa, binti asije. Zamu za hospitali hazikumruhusu.

Kila kikao kilipopendekeza shahada zianze kutumwa kwa posta, Mzee Lakiri alisimama kupinga. Lakiri itavunjika, alisema. Mkuu wa idara alimsifu mbele za watu kuwa ni mtu wa kanuni. Kanuni gani, jamani! Alikuwa baba aliyebakiwa na kamba moja tu ya kumvutia mwanawe nyumbani, hakutaka wamkatie.

Mwaka mmoja walimshinda kwa kura. Muda si mrefu, akiwa anakula mkate wake wa mchana, simu ikalia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, nimepandishwa cheo! Ila wanataka kuiona shahada yenyewe. Nimesikia siku hizi mnatuma."

Hakuwa mtu wa uongo, lakini huo ulimtoka kabla hajameza tonge.

"Zinatumwa hizi za sasa tu. Za zamani kidogo kama yako, mwenyewe lazima aje."

Alisikia viatu vya watu vikipita upande wa pili wa simu. Alikwisha kuwaza kuanika godoro la chumba cha binti, kununua taa mpya ya barazani, kuomba likizo. Angekuja, hata kwa siku mbili. Siku mbili zingemtosha.

"Basi usisumbuke, Baba. Nipigie picha tu unitumie. Walisema hata picha inafaa."

"Na yenyewe?"

"Si iko kwako? Huko ni salama kuliko kwangu."

Angesema nini? Angesema, njoo, mwanangu, nyumba ni kubwa, nimechoka kuzungumza na karatasi. Maneno hayo alikuwa nayo miaka yote, na badala yake alikuwa amempelekea kanuni. Akasema, "Haya, mama, subiri kidogo."

Akafungua droo, akaitoa shahada kwa mikono miwili, akaitandaza mezani chini ya taa. Jina la binti lilikuwa katikati, kwa wino mweusi, na ubini wake ulikuwa jina la baba. Akainama juu yake, akapiga picha, akatuma.

Jibu halikukawia.

"Asante sana, Baba. Ila kivuli chako kimeingia. Piga nyingine, wewe usitokee."

Mzee akasogea pembeni, akanyoosha mikono mbali na mwili wake, akapiga tena. Mara hii ilitoka safi.