Mama Kusum alipoteza uwezo wa kunusa, mke wangu mlokole akamkaangia unga wa Diwali

Wakuu, habari za muda huu. Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita, wengi hamnijui. Leo nina langu, na ninalieleza kama nilivyoliona. Asiyeamini aje Korogwe nimwonyeshe nyumba.

Mimi ni fundi pikipiki. Nimezaliwa Ngombezi, kwenye kota za mkonge. Babu alikuja kukata mkonge akitokea mbali, akaoa hapohapo mtu wa dini nyingine, kwa hiyo kwetu Krismasi tulikula na Idi tulikula. Dini ya mtu hainipi stress.

Wife ni tofauti. Ni Mzigua wa Kwamsisi, ameokoka, anaimba kwaya. Akisema kitu ni dhambi, mjadala umefungwa.

Tulikuwa tumepanga vyumba vya uani kwa mama mmoja wa Kihindu. Nimwite Mama Kusum, siyo jina lake. Mjane, umri umekwenda, ila amezaliwa Korogwe hiihii na Kishambaa chake kinanishinda mimi. Ana mtoto mmoja wa kiume, yuko Dar. Wahindu wenzake wa zamani karibu wote walishahama.

Sasa mwaka jana Mama Kusum alipigwa na mafua makali. Mafua yakaisha, lakini pua haikurudi. Hanusi kitu. Unamwekea kitunguu puani, anakuangalia tu.

Tulichukulia poa, mpaka asubuhi moja wife anafagia uani akasikia harufu ya gesi. Akakimbilia jikoni kwa Mama Kusum. Akamkuta ameshika kiberiti, kijiti ameshakitoa.

Wakuu, bado nikikumbuka nasisimka.

Mtoto wake alipopata habari akapiga simu: "Mama, hapo hukai tena peke yako. Diwali ikipita nakuja kukuchukua."

Mama Kusum hakubisha. Ila aliniita barazani akaniambia, "Baba Neema, basi hii ndiyo Diwali yangu ya mwisho nyumba hii. Nataka nipike mwenyewe."

Kwa wasiojua, nieleze kidogo kama nilivyoelezwa na yeye. Sikukuu hiyo wanapika vyakula na vitamu vya kumpelekea Mungu wao. Kwake kuna kabati dogo la ibada ukutani. Chakula kinawekwa pale kwanza, wanasali, ndipo watu wanagawiwa. Kile kilichotoka pale wanakiita prasadi.

Na hapa ndipo penye shida. Mpishi haruhusiwi kuonja. Hata kulamba kidole hapana, maana atakuwa amekula kabla ya Mungu mwenyewe. Kwa hiyo wanapika kwa macho na kwa pua.

Macho yake yalikuwa na ukungu. Pua ndiyo hiyo imezima.

Mtoto akasema atatuma vitamu vya dukani kwa basi. Mama Kusum akakataa. "Vya dukani nitawapa wageni. Vya Mungu nitapika mimi."

Nikamwambia wife, si umsaidie? Akanijibu bila kupandisha sauti: "Baba Neema, yule mama nitamfulia, nitampikia ugali, akiumwa nitamwogesha. Chakula cha sanamu sipiki. Usiniombe tena."

Sikumwomba tena. Lakini nilinuna, nisiwafiche.

Siku ya kupika ikafika. Mchana, mimi nipo uani nimefungua injini ya pikipiki ya mteja, wife anafua. Ghafla akainua kichwa.

"Kinaungua kitu."

Tukaangaliana. Akasubiri kidogo, halafu akanyanyuka na mapovu mikononi akaenda. Nikamfuata.

Mama Kusum alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, anakoroga unga wa dengu na samli kwenye karai. Pembeni kulikuwa na beseni lenye unga mwingine mweusi tii. Huo ulikuwa umeshaungua, na huu wa pili ulikuwa unaelekea hukohuko. Mwenyewe anakoroga taratibu, hana habari.

"Mama, zima! Unaunguza!" wife akasema.

Akazima. Akainama akachungulia karai kwa karibu sana, uso karibu uguse samli. Akaweka mwiko chini, akavuta pindo la sari akafunika uso.

"Sijui kupika tena," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nawapikia watu wote wa mtaa huu."

Nikatamani kutoka. Wife alisimama palepale mlangoni, maji yanamdondoka mikononi.

Kisha akauliza, "Unga umebaki?"

"Wa kupika mara moja."

"Niambie inatakiwa inukie vipi."

Mama Kusum akafunua uso. Akamtazama juu mpaka chini. "Umeoga?"

"Nimeoga asubuhi, mama."

"Oga tena. Na nguo hiyo ubadilishe."

Kicheko kilinibana, ila ningechekaje pale.

Wife akaoga, akavaa kitenge kisafi, akajifunga kilemba. Kabla hajashika mwiko akasema, "Mama, nisikudanganye. Mungu wako mimi simwombi. Nakupikia wewe."

"Sawa. Koroga."

Nikakaa kizingitini nikisikiliza. Mama Kusum alikuwa anauliza kila baada ya muda.

"Sasa inanukia nini?"

"Unga mbichi."

"Koroga. Sasa?"

"Kama maharage yakianza kuchemka."

"Bado sana. Usisimamishe mkono."

Jasho linamtoka wife. Yule mama amekaza macho usoni kwake kama vile pua yake iko pale.

"Sasa?"

"Karanga. Karanga za kukaanga."

"Punguza moto. Koroga, koroga. Sasa?"

Wife akainamia karai, akavuta pumzi. "Mama, karanga zimepotea. Inanukia tamu, na sukari hatujatia."

"Epua! Epua sasa hivi!"

Akaepua. Unga ulipopoa wakatia sukari ya kusaga na iliki, wakakaa wawili kuviringisha vidonge vya mviringo. Wao wanaviita ladu. Hakuna aliyeonja. Nilimwona Mama Kusum akitenga vichache kwenye kisahani na kuvifunika na bakuli. Sikuuliza.

Jioni akawasha vitaa vyake barazani, akaingia ndani kusali. Sisi tulibaki nje na binti yetu Neema.

Akatoka na sinia. Mimi nikachukua ladu, nikala. Wife aliinamisha macho. Nikajua ndiyo hapo, sasa atamkatalia mama wa watu siku ya sikukuu yake.

Mama Kusum akampita na sinia, hakumpa. Akarudi ndani akaja na kile kisahani.

"Hizi hazikuingia mle kabatini. Nilizitenga kabla. Ni zako wewe na Neema, mle bila wasiwasi."

Wife alipokea kwa mikono miwili. Akauma kidogo, machozi yakamtoka.

"Zikoje?" Mama Kusum akauliza. "Mimi mdomoni sisikii kitu."

"Tamu, mama. Iliki imekaa vizuri, haijazidi. Ukiuma zinavunjika kidogo, halafu zinayeyuka zenyewe."

Mama Kusum akafumba macho. "Sema tena."

Wife akarudia. Nadhani alirudia mpaka Neema akasinzia mapajani mwake.

Mtoto wa Mama Kusum alikuja kumchukua kama alivyosema. Vile vyumba vya uani bado tunaishi, yeye ndiye hayupo.

Wakuu, nilichojifunza: mimi nilijiona ndiye mwenye roho nzuri kwa sababu nakula kila sikukuu. Kumbe kula ni rahisi. Wale wanawake wawili hakuna aliyelegeza imani yake hata kidogo, na bado kila mmoja alimfikiria mwenzake kuliko nilivyowahi kufikiria mimi.

Mnaoishi uzio mmoja na watu wa dini nyingine, nyie mnafanyaje sikukuu zikifika? Nisomeni, mnikosoe, mnijazie.

Nikichelewa kujibu mnivumilie, napika uji wa Neema. Diwali imekaribia na Mama Kusum alipiga simu. Wife amepanda basi la Dar leo asubuhi.