Walinivua Umalkia Nikiwa Kwenye Eda, na Mkalimani Nilikuwa Mimi

Admin, nifichie jina na hata mkoa ninaotoka, maana Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, China, ni padogo na Watanzania wa huku tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita. Naishi Guangzhou. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiteleza.

Huku nilikuja kwa ufadhili, kusoma historia. Tasnifu yangu ilihusu malkia mmoja wa zama za kati huko Ulaya, binti aliyeozwa ili koo mbili zenye uhasama ziache kuuana. Mumewe alipofariki, mashemeji walimfungia kwenye nyumba ya watawa wakidai ni heshima kwa marehemu. Kisha wakamchukua mwanawe mdogo, wakamvika taji, wakatawala wao. Nilipata alama nzuri sana kwa kazi ile, na hazijanisaidia kitu.

Kabla sijamaliza chuo, baba alinipigia simu. Yeye anatoa mizigo bandarini Dar, na alikuwa na ugomvi wa miaka na mzee mmoja muuza jinzi wa Kariakoo. Walidhulumiana kwenye mizigo hadi wakawa hawazikani. Watu wazima wakaona dawa ni ndoa. Mtoto mkubwa wa yule mzee alikuwa huku huku, ananunua jinzi kwenye viwanda vya Xintang na kuzipakia bandari ya Huangpu, nikaozwa kwake. Sitasema uongo, nilimpenda. Alikuwa mpole, Kichina chake hakikuvuka kuuliza bei, mimi ndiye nikawa mdomo wake. Laoban, yaani bosi wa kiwanda alichonunulia, alikuwa hapokei oda mpaka anione. Watu wa Xiaobei wakaniita Malkia, na mimi nikaitika.

Mwaka huu mume wangu alifariki ghafla, moyo ulisimama. Baba mkwe alishatangulia, kwa hiyo wakaja mama mkwe na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Huyu shemeji sijawahi kumsikia akitaja msikiti hata siku ya Idi, lakini kwenye eda yangu akageuka shehe. Nisitoke, nisikanyage ofisini, nisipokee wageni. Nilikubali, eda ni ibada, na majonzi yangu yalikuwa ya kweli. Mama mkwe akasema, "Mtoto asishinde ndani na kilio, nakwenda naye Dar mpaka umalize." Nikamfungashia nguo mwenyewe. Mpaka leo hajarudishwa.

Ila mdomo wangu haukuwekwa eda. Shemeji alikuwa anakuja na simu, anampigia laoban, anaweka sauti ya nje, ananiambia, "Shem, muombe laoban ashushe bei." Naomba. "Mwambie kontena litoke wiki hii." Namwambia. Siku moja akasema, "Mwambie kuanzia leo kila kitu ni mimi. Wewe umepumzika."

Nilimtazama, nikamfikiria mwanangu aliye kwao, nikatafsiri. Kwa sauti yangu mwenyewe nilimweleza laoban kwamba mimi si kitu tena. Akaniuliza kama kweli nimetaka hivyo.

"Anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anasema sawa," nikamjibu.

Eda ilipoisha nilikuta kufuli la ofisi limebadilishwa. Sasa wamekuja na jipya: shemeji anioe. Ana mke wake Dar na mimi hanitaki, anamtaka mtoto. Kwa mirathi yetu, mtoto wa kiume akiwepo baba zake wadogo hawana fungu, kwa hiyo anayemshika yule mtoto kashika kila kitu. Mama mkwe hakuzunguka, aliniambia kwenye simu, "Ukikubali, mwanao anarudi mwezi huu na heshima yako iko palepale. Ukikataa, mtoto ni wa kwetu, wewe nenda kwenu."

Nikamlilia baba yangu. Sikukumbuka kwamba siku hizi kontena zao zote anazitoa yeye. Akasema, "Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukivunja hapo unanirudisha vitani." Niliumia kuliko nilivyoumia siku ya msiba, Mungu anisamehe. Waliniuza mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na sasa wananiuza tena nikiwa mjane.

Lakini laoban amewagomea. Walijaribu kumwandikia kwa simu inayotafsiri, hajibu. Oda yao kubwa haishonwi mpaka akae na mimi uso kwa uso, nimwambie mwenyewe mwenye biashara ni nani. Basi Jumamosi kuna chakula. Nitakaa karibu na shemeji, nimtangaze kuwa mume wangu mtarajiwa na bosi mpya, na laoban ataamini kwa sababu nimesema mimi. Upande wetu hakuna mwingine anayejua Kichina.

Nikisema wanachotaka, mwanangu anarudi, na mimi nitalala na mtu ninayemchukia maisha yangu yote. Nikimwambia laoban ukweli, kwamba nimelazimishwa na asiwashonee hata suruali moja, nitawaangusha palepale huku shemeji anatabasamu akisubiri nimalize kuongea. Lakini mtoto wangu yuko mikononi mwao, na mali nitakayoiangusha ni yake.

Wa kuniambia niende mahakamani, nitakwenda, ila kesi ni ya miaka na Jumamosi ni keshokutwa. Wa kuniambia niombe dua, naomba kila siku. Ninyi mlio mbali na hizi nyumba mbili nishaurini, maana walio karibu wote wana chao. Nikifungua mdomo pale mezani, niseme nini?