Kilio Bila Majirani

Wakati waasi walipokuwa wameshika mji wetu wa Uvira, nilikuwa dukani katika mtaa wa Kimanga, mama mmoja wa mtaani alipoingia, mikono kichwani.

"Bandugu, mume wangu amekufa. Mukuje tumuzike."

Zamani, neno hilo lingefunga duka. Siku ile watu walitazama chini, kwa sababu waasi walikuwa wamemwita marehemu msaliti, na aliyeonekana kwenye kilio chake angeitwa hivyo pia.

Mama akamgeukia mwenye duka. "Weye, mama yako alipokufa, ni minye nilimuosha."

"Mama," mwenye duka akanong'ona, "iko watu wanaangalia."

Mama akamzika mumewe nyuma ya nyumba, akisaidiwa na binti zake tu.

Waasi waliondoka. Lakini hadi leo, mtu akifiwa mtaani kwetu, tunachungulia kwanza nani ametangulia kwenda.