Donge la Majivu

Sukari ikianza kuungua jikoni, mimi huacha kila ninachofanya na kusimama mlangoni. Wajukuu hudhani nimekuja kugomba. Kumbe mwenzenu nimeshaondoka: niko bondeni kwetu Isingiro, nina miaka tisa, moshi unaniwasha macho, na nimemkasirikia msichana mmoja ambaye hajanikosea lolote.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ya pili, na madukani sukari ilikuwa imegeuka hadithi. Tata, baba yangu, alikuwa amerudi kutoka mashamba ya miwa ya Uganda, alikokaa muda mrefu hata aliporudi nilimkimbia nikidhani ni mgeni. Alileta koti moja na ujuzi mmoja, wa kuchemsha maji ya miwa mpaka yawe sukari guru. Tatizo lilikuwa ardhi. Kibanja chetu cha migomba kilikuwa juu kilimani, na miwa hutaka unyevu. Bonde lote la chini lilikuwa la Mzee Kamugisha, mfugaji, Mkatoliki wa kusali rozari kwa sauti, ambaye aliwajua ng'ombe wake kwa majina kuliko majirani zake. Tata akaenda kumwomba sehemu ya kukodi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alituambia aliporudi, vumbi magotini, uso wote unacheka.

Walipatana bila karatasi. Majani ya miwa yangekuwa ya ndama wa mzee, na kila tukichemsha, donge la kwanza lingepelekwa nyumbani kwake kabla mtu mwingine hajaonja. "Hiyo ndiyo kodi yangu," mzee alisema. "Siku ukinidharau, ng'ombe wangu watalala kwenye miwa yako." Niliyasikia hayo nikayasahau. Niliyemwona mimi ni Leokadia.

Leokadia alikuwa binti yake, rika langu, na ndiye aliyetumwa kuchukua donge. Alikuja na gauni safi, amepakwa siagi hadi vifundoni, akaketi kwenye kigoda changu. Changu! Mimi tangu alfajiri nimemenya miwa hadi vidole vinachubuka, nimezungusha magogo ya kukamulia pamoja na Mama, nimeengua povu kwenye pipa. Tata alidondosha tone kwenye maji baridi, na liliposhikamana akajua imeiva. Kisha huyo Tata wangu, kwa mkono wake mwenyewe, alijaza kibuyu kilichokatwa nusu, akangoja sukari igande, akaitoa, akaifunga kwa majani makavu ya mgomba na kumkabidhi Leokadia kwa mikono miwili. "Haya mama, wasalimie nyumbani." Mama! Mimi aliniita "wewe". Nami nikapewa pipa nilikwangue.

Nisiwafiche, roho iliniuma. Nilichukia siagi yake, nilichukia gauni lake, nilichukia hata asante yake ya sauti ndogo. Nilimuuliza Mama kwa nini anayekaa ale kabla ya anayefanya kazi. Akanijibu, "Menya miwa."

Siku moja Tata alikuwa amejaza kibuyu kiasi tu, jirani akamwita pembeni. Nikachota gao la majivu, nikayamwaga juu ya sukari, nikaongeza upawa mwingine wa sukari, nikasawazisha vizuri. Tata aliporudi akanisifu kwa kumsaidia. Ilipoganda akaifunga. Leokadia akapokea, akasema asante yake, akashika njia ya kwao.

Ndipo nikakumbuka wale ng'ombe. Nikaiona miwa yetu imelala chini, nikamwona Tata anavaa koti lake kurudi Uganda, safari hii asirudi. Mama alikuwa na usemi wake, "Mchuma janga hula na wa kwao," nami siku nzima niliusikia masikioni bila yeye kufungua kinywa.

Kesho yake Mzee Kamugisha akateremka na fimbo yake. Nilipiga magoti kumwamkia. Hakunitazama. "Waitu, mwenzangu, samahani," alimwambia Tata, "donge sikuliona. Yule binti yangu amelila lote njiani, amekiri mwenyewe. Nimemchapa, na huku haji tena. Nitamtuma mchunga ng'ombe wangu."

Tata alimwombea msamaha, mtoto ni mtoto. Nami? Nilishangilia. Niliamini kabisa kwamba uroho wake ulikuwa mkubwa hata majivu hakuyasikia ulimini. Jumapili, nje ya kanisa, nikambandika jina: Mlafi. Watoto walilidaka, likamganda.

Tata hakurudi Uganda. Miwa ile ilinilea, na nilipokua nikaelewa kwamba mikono yake miwili haikumpenda Leokadia kuliko mimi. Ilikuwa imeshika bonde ili Tata abaki nami. Hilo nililielewa mapema. Jingine nililipata Nyabiyonza, alikoolewa Leokadia, kwenye harusi ya ndugu, mimi na Leokadia tukiwa tayari mama wa watu wazima. Tuliketi jamvi moja, nikajikaza nikamwambia lile donge nililitia majivu mimi.

"Nilijua," akasema. "Nilimega njiani nionje, nikayaona. Nikaketi kichakani nikalila lote, na majivu yake. Nilitapika."

"Si ungelitupa tu?"

"Baba angeniuliza liko wapi. Ningesema nini, uongo? Nikasema nimelila, na kweli nilikuwa nimelila." Akacheka. "Angeyaona yale majivu, mngefukuzwa bondeni siku ileile. Na mimi nilipapenda pale kwenu, palikuwa na vicheko."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Fimbo za baba nilizisahau," akasema. "Kilichonichoma ni lile jina. Nimeolewa nalo, mpaka wifi zangu huku waliniita Mlafi. Sijapata kujua nani alilianzisha."

Nikainamia sahani yangu, nikaendelea kula. Leokadia alizikwa mwaka uliofuata. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.