Mbwa Kwenye Mzani wa Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza kwa watu kunicheka, na sikuwalaumu. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, koti langu jeupe bado lina mikunjo ya pasi, nikapelekwa moja kwa moja kwenye josho nje kidogo ya mji wa Bariadi. Ofisa Mifugo wa Wilaya, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameinama kwenye kibano, ule ujia mwembamba wa magogo tunamoingiza ng'ombe mmojammoja ili asiweze kugeuka. Alinyoosha mkono nyuma apokee bomba la sindano, akauliza bila kunitazama, "Sisi ngapi?"

Nikaangaza huku na huku. Nikahesabu wachungaji wawili, mwenye ng'ombe, yeye na mimi.

"Sisi watano, mkuu."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mkuu alipomaliza kujifuta machozi aliniambia, "Binti, hapa sisi si watu. Sisi ni dawa. Nakuuliza umevuta dawa kiasi gani." Chuoni tulisema mililita. Mtaani, kuanzia duka la dawa mpaka zizini, mililita inaitwa sisi, kwa zile herufi mbili zilizochapwa kwenye bomba, zinavyotamkwa Kizungu. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikipita na baiskeli, wachungaji walinisalimia kwa mbali, "Mwangaluka, Mama Mifugo! Sisi watano hatujambo!"

Nimeanza na kichekesho hicho kwa sababu hata leo, nikiwa nimestaafu, vijana wa mjini waliofuga mbwa wananipigia simu na swali lilelile: "Mama, nimpe sisi ngapi?" Hawaniambii mbwa ana uzito gani. Hawaniambii dawa yenyewe ni kali kiasi gani. Ni sawa na kumuuliza fundi mlango unahitaji mbao ngapi huku ukimficha ukubwa wa mlango.

Mkuu wangu yule alinifundisha mambo kwa vipande, kila mara tukiwa na mnyama mbele yetu. Ng'ombe tulimpima kwa utepe: unauzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma namba, na utepe wenyewe unakupa makisio ya kilo. Kutoka kwenye kilo unapata dawa. Siku moja nilimzungushia mbwa wake utepe ule kwa udadisi tu, nikaona haumfai hata kidogo, kwa kuwa namba zake zinaanzia kwa ndama. Mkuu akanikuta nimepiga magoti na mbwa ananilamba sikio.

"Unatafuta nini?"

"Kilo zake, mkuu."

"Vizuri. Endelea kutafuta. Ng'ombe anasamehe, mbwa hasamehe."

Alikuwa anasema juu ya dawa moja hasa, ile ya njano ya kutibu ndorobo. Ndorobo ni ugonjwa wa damu unaoletwa na mbung'o, na huku kwetu, mifugo ikichungwa karibu na mapori ya wanyama, haukwepeki. Dawa yake ni unga unaochanganywa na maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ng'ombe akizidishiwa kidogo, mara nyingi hupona na maisha yakaendelea. Mbwa akizidishiwa, dawa inampiga ubongo: anayumba, shingo inapinda, na hutamrudisha. Akipunguziwa pia, vijidudu vinajificha na kurudi, na huwezi kumrudia upesi kwa sindano ya pili, kwa kuwa ya kwanza bado imo mwilini. Kwa ufupi, una nafasi moja.

Kutoka hapo nilihamishiwa Nyashimo, kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Msimamizi wangu wa kituo hakuwa na habari ya utepe wala bomba. Dawa zote za minyoo alizipima kwa kizibo cha soda. "Kizibo kimoja mbuzi, viwili ndama," alisema. Nikamuuliza, na mbwa je? "Mbwa atajijua." Nikakusanya vizibo vya kila aina, nikavijaza maji na kuyavuta kwa bomba, na nikagundua kwamba hata vizibo havilingani. Nilipomwonyesha aliniambia, "Wewe binti, utakuja kupima mpaka mvua." Hakuacha kizibo chake, lakini tangu siku hiyo alinituma mimi kwenye kila mgonjwa aliyekuwa mdogo kuliko mbuzi.

Ndivyo nilivyofika Dutwa, kituo changu kilichofuata, nikiwa na jina la mpimaji, na ndiko nilikokutana na Watasema.

Watasema alikuwa mbwa. Watu wetu huwapa mbwa majina ya kuwapelekea majirani ujumbe, na mwenye mbwa huyu, Mzee Limbu, alikuwa na ujumbe. Alikuwa mjane aliyepoteza usikivu karibu wote, anaishi peke yake kwenye mji wake, yaani boma lake, mbali kidogo na senta ya biashara, na majirani walisema hawezi kuishi vile. Yeye akasema anaweza. Mbwa alikuwa ndiye masikio yake. Mgeni akija, Watasema anamgusa mguu kwa pua. Fisi akizunguka zizi la mbuzi, anamvuta shuka mpaka aamke.

Binti yake wa pekee, Nkwimba, alikuwa karani wa mzani kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa pamba pale senta. Alikuwa amemwandalia baba chumba nyumbani kwake, na kitanda kimeshatandikwa. Baba hataki. Walivutana mpaka wakafikia mapatano: siku mbwa atakapokufa, Mzee Limbu atahama.

Basi msimu mmoja wa pamba, Watasema, aliyekuwa na tabia ya kufuata ng'ombe wa jirani machungani, akarudi mgonjwa. Niliitwa. Fizi zake zilikuwa nyeupe, uso umevimba, na macho yameingia utando wa bluu. Nilichukua tone la damu kwenye kioo, nikalituma maabara ya Bariadi, na jibu likaja kama nilivyoogopa: ndorobo. Mzee Limbu alinitazama usoni nilipokuwa namwonyesha kwa ishara.

"Mayu," aliniambia, maana mwanamke wa kuheshimiwa kwetu huitwa hivyo, "huyu akifa mimi nahamishwa kama gunia. Nitibie."

Nilikuwa na dawa. Sikuwa na kilo. Nilikwenda kwanza zahanati, kwenye mzani ule wa kliniki wenye kikaptula cha kuning'iniza watoto. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Mifugo, nakuheshimu sana. Lakini kaptula wanayovaa watoto wa watu, nimvalishe mbwa? Hao kina mama nje wataniacha hai?" Nikaona ana hoja. Ukabaki mzani wa pamba.

Mimi na Mzee Limbu tulimbeba Watasema mpaka ghalani kwa baiskeli ya jirani. Foleni ilikuwa ndefu, wakulima wamekalia mizigo yao. Nkwimba alitupisha. Tukamlaza mbwa kwenye shuka la kubebea pamba, tukafunga pembe nne, tukamning'iniza kwenye ndoano. Kichwa chake kilitokeza upande mmoja, kimetulia kama cha mzee aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Pamba hupangwa madaraja mawili, safi na fifi, kwa hiyo mzaha haukukawia.

"Karani! Huyo ni safi au fifi?"

"Fifi! Ana manyoya ya rangi mbili!"

Hata mimi nilicheka. Mshale uliposimama tukatoa uzito wa shuka, zikabaki kilo kumi na sita. Dawa ile, ikishachanganywa, ni mililita moja kwa kila kilo ishirini, kwa hiyo kilo kumi na sita ni chini kidogo ya moja. Nikachanganya unga na kuvuta dawa, nikainua bomba kwenye mwanga kutoa hewa. Nkwimba akanishika mkono.

"Ngoja, Mama." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Ongeza nne."

Sikuelewa. "Nne za nini?"

"Kilo. Mzani unakula."

Kila mkulima wa pamba anayajua maneno hayo. Mzani unakula, maana yake unaonyesha pungufu ya kile kilichowekwa. Kila msimu watu walinung'unika hivyo, na kila msimu waliambiwa pamba yao ilikuwa kavu sana. Karani kuyasema kwa mdomo wake lilikuwa jambo jingine kabisa. Nilimtazama. Nilijua kuhusu kitanda kilichotandikwa, na kwamba dawa ikizidi ingemwua mbwa. Nilijua pia kwamba mimi siwezi kumchoma mbwa kwa neno la kunong'onezwa, hata kama ni la kweli.

"Nahitaji kuhakikisha," nikamwambia. "Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, popote duniani. Lakini wataona, Nkwimba."

Alikwenda kisimani mwenyewe, akarudi na ndoo ya lita ishirini kichwani. Tulikuwa tumeshapima ndoo nyingine kama hiyo ikiwa tupu. Akaining'iniza yenye maji kwa mikono yake, mbele ya foleni nzima, tukatoa uzito wa ndoo. Zikabaki kumi na sita. Maji yalikuwa na uzito uleule wa mbwa.

Mizaha ilikoma. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya foleni aliinuka kutoka kwenye mzigo wake, akaitazama ndoo, akautazama mshale, akauliza taratibu, "Karani, hayo maji nayo ni makavu sana?"

Yaliyofuata yalikuwa makelele, na mimi sikuyasikiliza yote kwa sababu nilikuwa nimeinama. Kilo ishirini, mililita moja kamili. Nilimchoma Watasema kwenye msuli wa paja, taratibu, nikamshikilia, huku Mzee Limbu amepiga magoti upande wa pili, haelewi kwa nini watu wote wanafungua midomo kiasi kile. Nilikaa na hofu siku kadhaa. Nilikuwa nakwenda kumtazama anavyotembea, kama anayumba. Hakuyumba. Siku niliyomkuta anaburuta sufuria la ugali uani nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. "Wabeja, mayu," alisema Mzee Limbu, akinishukuru, na akaenda kunikamatia jogoo.

Mzani ulibadilishwa. Nkwimba alifukuzwa juma hilohilo, akahamia Bariadi mjini, akafungua mgahawa mdogo. Baba yake alibaki kwenye mji wake.

Sasa nimestaafu. Mbwa wa siku hizi mjini wanalala barazani na kuogeshwa kwa sabuni, na maduka ya dawa za mifugo yamejaa. Vijana wanatafuta dozi kwenye simu, na simu inawajibu upesi, bila kumwona mbwa. Siwalaumu. Ila nawaambia: panda mzani na mbwa wako mikononi, kisha panda peke yako, toa, halafu mpeleke mbwa na hiyo namba kwa daktari wa mifugo. Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba hesabu yenyewe haijawahi kuwa ngumu. Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kigumu ni kupata namba ya kwanza iliyo ya kweli.

Mzee Limbu alikuja kufa kwa uzee, nyumbani kwake, Watasema akiwa ameshamtangulia, na nafasi yake ameichukua mbwa mwingine, kwa hiyo mzee hakuhama. Nilikwenda msibani. Nikamkuta Nkwimba amekaa kwenye mkeka, nikakaa naye. Kuna swali nililokuwa nalo miaka yote, na udadisi wangu haujui adabu, nikaliuliza.

"Nkwimba, ulitaka baba yako aje kwako."

"Nilitaka, Mama. Kila siku. Kile kitanda sikukitandua."

"Na kazi ulikuwa unaijua itakwenda. Ungenyamaza tu, dawa ingepungua na mbwa angekufa mwenyewe. Kwa nini ulisema?"

Alinyoosha kanga yake magotini, akaitazama nyumba ya baba yake.

"Angekuja," alisema. "Angekuja analia mbwa wake, nami ningekaa naye namfariji, huku najua kilo nne ziko wapi."