Kanuni Tuliyoitengeneza Mbagala

Ipo alasiri moja ya Mbagala, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Jana nilipokusikia wewe na wenzako mkigombania kanuni za mchezo wenu wa dadu hapa sebuleni, ikanirudia yote.

Usidhani mchezo huo mmeuanza nyie. Sie tuliucheza kwenye baraza la duka la kina Hemedi, wewe hujazaliwa. Mjomba wake alikuja nao kutoka safari: kitabu cha kanuni, dadu, na kichupa cha mchanga cha kupimia muda. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani, labda shujaa, labda mganga, na anasema kwa mdomo wake mtu huyo anafanya nini. Dadu ndiyo inaamua kama kafaulu. Mie nilikuwa msimulizi, naijenga safari, naongea kwa sauti za majini na wafalme. Msichana peke yangu pale, na nilikuwa hodari, sitaki kujishusha.

Kanuni moja ilitutesa. Kitabu kilisema mchanga ukiisha hujamaliza kusema, zamu yako imepotea. Rafiki yetu Bakari alikuwa na kigugumizi. Kila zamu mchanga ulimwishia akiwa kwenye neno la pili. Siku moja akanyanyuka, akavaa kandambili zake.

"Che-chezeni tu. Mie nitaangalia."

Nikamwambia Hemedi tuibadilishe. Akakibana kitabu kifuani.

"Ukigusa kanuni, huo si mchezo tena. Kila mtu ataomba ya kwake."

Hakuwa mbaya Hemedi. Aliupenda mchezo, aliogopa usije ukaharibika. Nikapendekeza mtu amsemee Bakari, nikidhani nimemaliza kazi. Bakari akanitazama machoni.

"Si-sitaki kusemewa, Mwanaidi. Nataka ku-kumaliza."

Tukauondoa mchanga kabisa. Mchezo ukadorora. Kila mtu akawa anawaza mpaka chai inapoa, na Hemedi akapiga miayo ya makusudi. Alikuwa na haki. Nikarudi nyumbani, nikaosha vyombo huku najiuliza: kile kichupa kinapima nini hasa? Tulipokutana tena nikawaambia, mchanga upime kuwaza, usipime kusema. Ukishafungua mdomo, kichupa kinalazwa, na hakuna wa kukukatiza.

Hemedi akakilaza kichupa, akaona mchanga umesimama. "Tujaribu leo tu."

Alasiri hiyo mashujaa wao wote walikuwa mateka wa jitu linalolinda geti, silaha hawana. Ikafika zamu ya Bakari. Akafungua mdomo, kichupa kikalazwa. Akaliambia jitu kwamba anaujua uchungu wa kusimama getini miaka yote bila mtu wa kukuuliza jina lako. Akakwama, akavuta pumzi, akaendelea. Waliokuja dukani wakasahau sukari yao. Hakuna aliyecheka. Mie, niliyekuwa jitu, nikamuuliza kwa sauti nzito, "Na wewe waitwa nani?"

"Ba-Bakari," akajibu, jina la shujaa wake limemtoka kabisa.

Akarusha dadu. Ikatua kwenye namba ya juu kuliko zote! Baraza zima likalipuka, na Hemedi ndiye aliyembeba Bakari juu juu. Kisha akachukua kalamu, akaiandika kanuni yetu kitabuni mwake, kwa wino.

Nimesomesha watoto, nimejenga nyumba hii hapa Boko. Lakini ile sentensi yangu moja ya mchanga bado inanivimbisha kichwa, Mungu anisamehe.

Basi nisikilize, mwanangu. Usiiguse kanuni kwa sababu umeshindwa. Iguse ukiona inamfungia mtu nje, na kabla hujaigusa, muulize mwenyewe anataka nini. Ukijaribu ikagoma, tengeneza tena, bila kununa. Na yule anayekishikilia kitabu msimfukuze. Huenda anaupenda mchezo kuliko nyie wote.

Mola akujaalie macho ya kumwona anayenyamazishwa, na subira ya kumsikiliza mpaka amalize. Aibariki meza yenu, isipungukiwe watu. Haya, waite wenzako, mkacheze.