Maneno Mawili Kando ya Mshale

Kazi niliipata kwa sababu ya mwandiko. Shule niliachia darasa la saba, na wengine walioomba nafasi ile walikuwa wamesoma kunizidi, kwa hiyo sitasema nilistahili. Ila ofisi yetu pale Kisumu, iliyokuwa ikikusanya hesabu za samaki kutoka bichi za ziwani, ilihitaji mtu wa kuchora grafu na kuziandikia maelezo yanayosomeka, na herufi zangu zilisimama wima kama za mashine. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Kila bichi ilikuwa na mpimaji, mtu wa kukaa na mizani ufukoni na kuandika uzito wa samaki walioletwa siku hiyo. Karatasi zake zilitufikia kwa basi. Mimi nilizihamishia kwenye karatasi ya miraba, siku moja mraba mmoja, mstari kwa wino mweusi na maneno kwa wino mwekundu. Wino mwekundu ndio nilioupenda. Mstari anaweza kuuchora yeyote mwenye rula, lakini anayetazama grafu macho yake hukimbilia maneno. Mstari ukipanda, naweka mshale mdogo na kando yake naandika “Mvua zimeanza” au “Mashua mpya”. Nilijifunza kuacha nafasi ya kidole kimoja, na mshale usikate mstari wa bichi nyingine. Mkubwa wangu aliwahi kuniambia, “Wewe unafanya grafu iongee.” Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Kulikuwa na bichi moja upande wa Usenge ambayo mpimaji wake, kwa siku tisa mfululizo, mahali pa uzito alichora kistari kifupi tu. Nafasi ya maelezo aliiacha wazi. Mimi vile vistari nikavichukua kuwa sifuri. Mstari wangu ukaanguka hadi chini ya karatasi, ukatambaa huko miraba tisa, halafu ukapanda tena.

Mkubwa alisimama nyuma yangu. “Hapa kumetokea nini?”

“Sijui, Bwana.”

“Nairobi wataniuliza. Weka neno.”

Hakuniambia niweke neno gani. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye kuna siku nilijaribu kujidanganya kwamba aliniambia. Wiki ile ofisini mazungumzo yote yalikuwa ya nyavu zenye matundu madogo, zinazozoa hata watoto wa samaki, wale ngege wadogo. Saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Nikachora mshale juu ya lile shimo, nikaandika: “Nyavu haramu.” Maneno hayo yalikaa vizuri sana. Niliinua karatasi nikaitazama kwa mbali, nikaenda kula.

Nyavu za namna hiyo zilikuwa bichi zote, na kila mtu alijua. Lakini askari walipotumwa kwa lori, hawakutumwa bichi zote. Walitumwa kwenye mshale. Walirudi na rundo la nyavu, zikafungiwa stoo nyuma ya ofisi zingoje kuchomwa Ijumaa.

Jumanne akaja yule mpimaji. Mzee mwembamba, daftari lake amelifunga kwa gazeti. Alinikuta chini ya grafu yangu iliyobandikwa ukutani.

“Ni wewe karani wa kuchora?”

“Ni mimi, Mzee.”

“Nionyeshe bichi yangu.”

Nikamwonyesha. Akauwekea mstari kidole, akaufuata polepole mpaka kidole kikatumbukia shimoni. “Hii nyekundu inasema nini?”

Nikamsomea. Akanigeukia.

“Wewe ni mtoto wa wapi?”

“Wa ziwani, Mzee. Port Victoria.”

“Hapana. Mtoto wa ziwani aone siku tisa hakuna samaki, aandike nyavu? Mama yako alikuokota sokoni Kibuye, chini ya nguo kuukuu.”

Nilicheka kwa adabu, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akizama, bichi yote huacha kuvua. Mashua zinatoka, lakini zinatoka kumtafuta. Hakuna wa kutupa wavu kwenye maji alimolala mtoto wa mtu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

“Mbona hukuandika, Mzee? Nafasi ya maelezo ilikuwepo.”

“Niandike nini? Mtu hajaonekana. Mke wake amekaa pale kwa maji, anangoja. Nikiandika amekufa, si ni mimi nimemzika? Niliweka kistari. Sifuri ni mtu ameenda, akakosa. Kistari ni hakuna mtu ameenda. Hiyo si hata wewe unajua?”

“Alionekana?”

“Siku ya tisa. Tukamzika, tukarudi kazini.” Kidole chake kikapanda na mstari. Kisha akanikaribia. “Sasa nyavu zake, na ni halali, ziko kwa stoo yenu. Zilikuwa zimekunjwa ndani ya nyumba, tangu aende hazijagusa maji. Yule mama alikuwa azikodishe kwa vijana, ili watoto wake wapate kula. Hana kitu kingine. Ongea na mkubwa wako.”

“Nitaongea, Mzee.”

“Mbele ya Ijumaa.”

“Mbele ya Ijumaa.”

Kama nyavu zile zilikuwa na matundu halali, sijui. Mzee alisema ni halali, lakini mzee alikuwa jamaa ya marehemu. Ningeweza kuchukua rula yangu na kwenda stoo kupima. Ilikuwa hatua arobaini, pengine hamsini. Sikwenda. Nadhani niliogopa kukuta ni halali.

Jumatano mchana mkubwa hakuwa na kazi. Alikuja mezani kwangu, akaniuliza hali ya mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Nikasema anaendelea vizuri. Akaniuliza kama nina lingine. Nikasema hapana. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, lakini kila nilipofika mahali pa kusema “lile neno nililibuni”, niliona kalamu inapewa mtu mwingine. Alhamisi alikwenda safari. Ijumaa asubuhi nilisikia harufu ya nailoni inayoungua, nikafunga dirisha.

Jumatatu nikamweleza yote. Kwa nini niliweza Jumatatu na si Jumatano, msomaji anaweza kukisia, na akikisia vibaya juu yangu sitambishia.

Hakunifokea. Alikaa akitazama karatasi ya mpimaji, vile vistari tisa. “Ungeniambia Jumatano ningezitoa zipimwe,” alisema. “Sasa rekebisha grafu. Andika kilichotokea.”

Maneno mekundu niliyakwangua kwa wembe. Wino ukishaingia huwezi kuutoa bila kuondoka na karatasi, kwa hiyo pale pakabaki pembamba, ukuta unaonekana kwa nyuma. Mstari wa chini nikaukwangua pia, nikaacha miraba tisa mitupu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Juu yake nikaandika, bila mshale: “Siku tisa hawakuvua. Walikuwa wakimtafuta mwenzao.”

Mzee alirudi mwezi uliofuata kuchukua daftari jipya. Habari za moto alishazipata. Nilimpeleka ukutani, nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akapapasa pale palipokwanguliwa.

“Hapo sasa ni sawa,” alisema. “Na yule mama, nimwambie nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitaka kusema: mwambie karani alikosea, na jina langu ni hili.

“Mwambie ilikuwa makosa,” nikasema.

“Makosa ya nani?”

Nilinyoosha kona ya grafu. Alinitazama, na nadhani alinihurumia, maana alianza kulifunga daftari lake kwenye gazeti taratibu, bila kuniangalia tena.

“Basi nitamwambia ni ya ofisi,” alisema.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Njia nzima tuliongea habari za mvua, na mimi nikaacha makosa yawe ya ofisi.